Foleni ya Meza Yetu

Jumatatu, Machi 11

Mvua imeanza saa nne asubuhi, na barua ya Makamu Mkuu wa Chuo imeingia saa nne na robo, imelowa pembeni. Daftari hili lilikuwa la kumbukumbu za vikao. Nimelinyakua, maana ya leo hayaandikiki kwenye kumbukumbu za kikao chochote.

Barua inasema Taasisi yetu ya Sera za Umma ina miaka tisa na ripoti arobaini na moja, na hakuna hata moja iliyowahi kutumiwa na ofisi yoyote ya umma. Ikiwa mpaka mwisho wa muhula hali ni hiyo hiyo, tutaunganishwa na Kitivo cha Biashara. "Kuunganishwa" ndilo neno alilotumia. Mimi ni mratibu hapa tangu siku ya kwanza, mapazia nilichagua mwenyewe, na kumezwa nakujua nikikuona.

Mkurugenzi aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akacheka. "Amehesabu vibaya," akasema. "Ya foleni hajaihesabu."

Ripoti ya foleni! Mwezi uliopita timu yetu ilikaa siku kumi kwenye lango la Ofisi ya Vyeti, pale watu wanapofuata vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo. Tumegundua kwamba mwananchi anangoja, kwa wastani, saa tatu na dakika kumi. Jamani, saa tatu! Kamati ya halmashauri ya jiji imekubali kutusikiliza Aprili 24. Wakiyapitisha mapendekezo yetu kwa maandishi, tumepona. Chakula cha mchana kimenishinda kwa furaha.

Jumanne, Machi 12

Paa la ukumbini linavuja sehemu tatu. Ndoo tunazo mbili.

Alhamisi, Machi 14

Nieleze watu wangu, maana nikikasirika baadaye sitawatendea haki.

Mkurugenzi tunamwita Rasimu. Zamani tulimwita hivyo kwa siri, siku hizi anaitika. Hajawahi kukubali kwamba kitu kimekwisha. Dodoso la foleni lilikwenda mezani kwake na maswali tisa, likarudi na arobaini na manne. Mtakwimu wetu ni Desimali, msichana wa miaka ishirini na tisa, hodari kupita kiasi na anajijua. Ukimsalimia anakutazama kama anayetaka kujua salamu yako imetoka kwenye sampuli ya watu wangapi. Mimi na yeye chungu kimoja hatupikiki.

Halafu yupo Dereva, na kwa Dereva kuna desturi ya Rasimu inayonitoa mvi. Hakuna ripoti inayokwenda kwa mchapaji kabla Dereva hajasomewa. Ijumaa saa nne, chumba cha mikutano, kwa sauti, tangu neno la kwanza. Anasikiliza amefumba macho, kisha anaieleza upya kwa maneno yake. Akishindwa kuieleza, au akiuliza swali tusiloweza kulijibu, ripoti inarudi. Akiridhika, mimi natia sahihi kwenye kisanduku kilichoandikwa *Imesomwa*. Ripoti ya maji taka ilirudi mara sita. Mhadhiri mmoja aliacha kazi kwa ajili hiyo, akasema hakusoma miaka kumi na minane ili aje kusahihishwa na mtu wa gia.

Ijumaa, Machi 15

Mchapaji alipiga simu saa tatu. Akipata ripoti kabla ya saa sita atatoa nakala Jumatatu, akikosa ni wiki mbili zijazo. Rasimu alikuwa darasani. Dereva nilikuwa nimemtuma kumpokea mgeni wa Makamu. Kurasa sabini na mbili, nani angesoma na nani angesikiliza?

Nimetia sahihi. Ya kwangu ni ndogo, kitanzi tu na mkia, haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Ni mara moja katika miaka tisa.

Jumatatu, Machi 18

Zimefika! Nakala sitini, jalada la bluu, zinanukia wino. Nimepeleka ishirini na tano kwa madiwani mwenyewe, nikiwa nimezikumbatia chini ya koti la mvua kama mtoto mchanga. Hata Desimali alicheka. Kumbe ana mwanya.

Jumatano, Machi 20

Ndoo ya tatu imepatikana.

Jumapili, Machi 24

Nitaandika polepole.

Nilikwenda kwa Mama mchana. Baba anatimiza mwaka mwezi ujao tangu atutoke, na Mama anafuatilia cheti cha kifo cha Baba ili nyumba iandikwe kwa jina lake. Nilimkuta anapepeta mchele. Shikamoo, marahaba, nikaanza kumsimulia habari za ripoti yangu, Ofisi ya Vyeti, saa tatu za kungoja, madiwani watakavyoshtuka.

"Saa tatu wapi?" akauliza.

"Pale pale unapokwenda, Mama."

"Labda ile foleni ya nje. Mimi siku ile nilipanga foleni saa mbili na nusu, jua la utosi. Nikafika mezani, binti wa miwani, mpole kweli, akaniuliza, 'Mama, umengoja muda gani leo?' Nikamwambia saa mbili na nusu. Akaandika. Akaniuliza mengine mengi, kama kuna kivuli, kama naona wahudumu ni wakarimu. Mwisho akaniambia asante sana mama, kwaheri. Nikamuuliza, 'Na cheti?' Akasema, 'Aa, vyeti ni ndani.'"

Nilicheka. Nilicheka mpaka Mama akacheka. Halafu nikaweka kikombe cha chai chini.

"Mama, ile meza ilikuwa na kitambaa?"

"Cha bluu. Na karatasi imeandikwa Karibu."

Meza yetu. Kitambaa chetu. Hiyo karatasi ya Karibu niliichapa mimi.

"Na watu wote walikuwa wanapanga pale?"

"Sasa ukiingia getini ukakuta meza na watu wamevaa vitambulisho shingoni, utapita tu kama mbuzi? Si unapanga."

"Na ndani, ulikaa muda gani?"

"Ndani hata nusu saa haikufika. Shida ya ndani si kungoja. Mimi nimekwenda mara nne, na kila nikienda wananirudisha. Safari hii wanataka—"

"Mama, ngoja, ngoja kwanza. Nitakuja."

Nikaondoka chai haijapoa. Saa tatu na dakika kumi! Foleni ya Ofisi ya Vyeti haikuwapo. Foleni tulikuwa sisi.

Jumatatu, Machi 25

Nilimvizia Dereva kabla hajawasha gari.

"Mzee, ile foleni ya mezani kwetu uliiona?"

"Nilikuwa nimeegesha mbele yake siku kumi, dada. Nitaachaje kuiona? Wengine niliwaambia mlango ule pale. Hawakuniamini, sikuwa na kitambulisho shingoni."

"Mbona hukusema?"

Alinitazama bila ubaya wowote, ndiyo maana iliniuma. "Nilingoja Ijumaa mnisomee, niulize. Hamkunisomea."

Nikaenda kwa Desimali. Nilitarajia vita na vita nikapata. "Namba zangu ni safi," akasema. "Mama yako ni mtu mmoja." Lakini nilipofika mlangoni akaniita. Alikuwa amekwisha kutoa maboksi ya madodoso chini ya meza. Tukakaa sakafuni, mimi namsomea, yeye anaandika: namba ya dodoso, muda wa kungoja. Siku ya kwanza, dodoso la kwanza, dakika kumi. La tano, arobaini. La ishirini, saa mbili. La mwisho, saa tano kasoro. Siku ya pili, mstari ule ule unapanda. Siku ya tatu, nne, zote kumi zinapanda kwa ngazi zile zile, maana kila mtu alikuwa anangoja aliye mbele yake amalize maswali arobaini na manne ya Rasimu.

Desimali alisimama juu ya makaratasi, nywele zimemtimka. "Tumejipima wenyewe!" akapiga kelele. "Dada, hii ni takwimu safi kabisa ya sisi wenyewe!" Na macho yake yalikuwa yanang'aa. Nilikuwa namwona Makamu akibadilisha mapazia yangu, lakini nakiri kwamba hata mimi damu ilinichemka. Ni mara ya kwanza nimemwona mtu akifurahi kujua kwamba amekosea.

Jumanne, Machi 26

Rasimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu: "Dereva alisemaje siku ya kusomewa?"

Desimali akanitazama. Angeweza kusema, akaniachia mimi.

"Hakusomewa," nikasema. "Nilitia sahihi bila kusoma."

Nilingoja anifukuze. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akavaa. "Na maswali arobaini na manne niliyaandika mimi," akasema. "Basi tuko wawili."

Akampigia Makamu hapo hapo, sauti wazi ili tusikie. Makamu aliuliza nani mwingine anajua. Rasimu akasema watu wanne na mama wa mratibu. Makamu akasema, "Profesa, ukiiondoa ile ripoti huna kitu mkononi. Muhula unakwisha Mei. Fikiri." Simu ikakatwa.

Hii ndiyo hali yetu: tukinyamaza tunapona, na Ofisi ya Vyeti inabebeshwa aibu ya foleni tuliyoitengeneza sisi. Tukisema, labda tumekwisha.

Rasimu aliuliza zimebaki siku ngapi. Ishirini na tisa, akajibu Desimali, na nusu. Rasimu akachukua dodoso lake la maswali arobaini na manne akalichana vipande viwili. Rasimu! Mtu asiyeweza kufuta hata mkato!

Mpango ni huu. Hakuna meza, vitambulisho wala karatasi ya Karibu. Kila mmoja wetu aende akatafute cheti chake, kwa kweli, kama mtu yeyote. Na wanaotoka getini tutembee nao, bila kuwasimamisha, tuwaulize maswali mawili tu: hii ni safari yako ya ngapi, na leo imekuwaje?

Alhamisi, Aprili 4

Mvua kubwa. Tulianza juzi. Rasimu amerudishwa, hana nakala ya kitambulisho.

Ijumaa, Aprili 5

Rasimu amerudishwa. Hana picha mbili.

Jumanne, Aprili 9

Rasimu amerudishwa! Hana barua ya serikali ya mtaa. Alitoka ndani ana hasira za kweli, profesa mzima, suruali imelowa mpaka magotini: "Safari tatu! Kwa nini hawakuniambia yote siku ya kwanza?" Mama mmoja aliyekuwa anafungua mwavuli pembeni akamwambia, "Pole baba. Wewe ni ya tatu tu? Mimi ya tano." Rasimu akasahau hasira, akatoa kalamu.

Mimi nimerudishwa mara mbili. Kungoja ndani hakujazidi dakika thelathini hata siku moja.

Ijumaa, Aprili 12

Leo nimemtazama Desimali kwa jicho lingine. Ana mwavuli mmoja, na kila akimsindikiza mtu kwenda barabarani mwavuli wote unakuwa wa yule mtu. Yeye analowa. Anawaita bibi, mjomba, anawashika mkono kwenye madimbwi, anauliza maswali yake mawili, anarudi anakimbia huku anarudia majibu kwa sauti yasimpotee. Nilimwambia atashikwa na homa. "Dada, theluthi mbili!" akajibu. "Karibu theluthi mbili si mara yao ya kwanza!"

Nikampa koti langu. Alilivaa bila kuuliza ni la sampuli gani.

Jumatatu, Aprili 15

Nimepata cheti changu na nimepata kitu kikubwa kuliko cheti!

Karani alikuwa ananiandikia, akainua macho nyuma yangu kuhakikisha jambo, akaendelea. Nikageuka. Kwenye nguzo, upande wanaoutazama makarani, imebandikwa karatasi: *Vitu anavyotakiwa kuwa navyo mwombaji.* Vyote, kwa mpangilio, kwa mwandiko mzuri. Mwombaji akisimama dirishani, karatasi iko nyuma ya kisogo chake. Inawatazama makarani, ambao hawakuja kutafuta cheti.

Nilinakili pale pale, bila hata kufikiri, kalamu inaruka: moja, nakala ya kitambulisho. Mbili, picha mbili. Tatu, barua ya mtaa. Nne, kwa cheti cha kifo, sahihi ya mtoto wa marehemu.

Nikatoka mbio kwenye mvua. Rasimu alisoma orodha, akanikumbatia mbele ya foleni yote. Foleni yenyewe ilikuwa ya watu sita.

Ijumaa, Aprili 19

Saa nne kamili, chumba cha mikutano. Ripoti mpya ina kurasa mbili. Watu mia sita na kumi na wawili; kwa mia tatu na tisini na wanane haikuwa safari ya kwanza. Nilisoma mimi. Dereva alifumba macho. Matone yakawa yanaanguka kwenye ndoo tatu, moja moja.

Nilipomaliza akafumbua macho. "Watu hawachoki kwa kungoja," akasema. "Wanachoka kwa kurudi. Ile karatasi igeuzwe, iwatazame watu, pale getini."

"Una swali?" Rasimu akauliza.

"Moja. Tulikaaje pale siku kumi tusiione?"

"Tulikuwa mezani," akajibu Desimali.

Nikatia sahihi.

Jumanne, Aprili 23

Kesho. Rasimu amesema nitasoma mimi, kwa kuwa sahihi ni yangu. Nimejaribu magauni matatu.

Jumatano, Aprili 24

Ukumbi wa halmashauri una viti vya ngozi vinavyolia ukijisogeza. Madiwani kumi na moja, kila mmoja na jalada letu la bluu mbele yake. Na pembeni, peke yake, Mkuu wa Ofisi ya Vyeti, bwana mfupi aliyeshika leso kwa mikono miwili. Alikuwa amesoma ripoti ya bluu. Alikuja kuhukumiwa.

Nilipiga moyo konde nikasimama. "Waheshimiwa, naomba mzifunge hizo nakala. Zina kosa, na kosa ni letu."

Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, akashusha miwani. "Umekuja kutuambia ripoti yenu ni ya uongo?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni ya kweli, ila ni ya foleni yetu."

Nikaeleza yote. Meza, kitambaa, Karibu, maswali arobaini na manne, sahihi yangu. Nilipofika kwa "Na cheti?" diwani mmoja akaanza kutikisika mabega, kisha mwingine, kisha viti vyote vya ngozi vikalia. Nilisimama nacheka na machozi yananitoka. Mkuu wa Ofisi ya Vyeti peke yake hakucheka. Alikuwa anapumua, tena kwa nguvu.

Nikasoma kurasa mbili. Safari hii hakuna aliyecheka. Ndipo yule bwana akanyanyuka bila kuitwa. "Hiyo karatasi niliibandika mimi," akasema. "Mwaka wa sita huu. Nilitaka makarani wasikosee. Sikuwahi kusimama upande ule mwingine wa dirisha." Akakunja leso. "Kesho asubuhi inageuzwa."

"Basi imekwisha," akasema Mwenyekiti. "Hilo halihitaji azimio la kamati, linahitaji gundi. Ajenda inayofuata."

Moyo ulinishuka mpaka kwenye viatu. Bila azimio hakuna barua, na bila barua tumekwisha. Nilimtazama Rasimu. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepewa mtoto amshike. Amejua, na bado anatabasamu!

Ni Desimali aliyenyoosha mkono, koti langu likamfunika vidole. "Samahani, Mheshimiwa. Halmashauri ina ofisi ngapi zenye madirisha?"

"Kumi na tisa."

"Na karatasi zao zinatazama wapi?"

Madiwani wakatazamana. Mwenyekiti akachukua kalamu, akasema atatujibu.

Alhamisi, Aprili 25

Nimepita getini kwa makusudi. Ipo, kubwa, ndani ya plastiki isilowe. Watu watatu walikuwa wanaisoma na mmoja akageuka kurudi kwao kabla hajaingia. Nusura nimpigie makofi.

Jumatatu, Mei 6

Hakuna barua. Hakuna mvua. Kitivo cha Biashara wametuma mtu kupima vyumba.

Ijumaa, Mei 10

Imefika! Azimio la kamati, muhuri, sahihi ya Mwenyekiti: ofisi zote kumi na tisa zigeuze orodha zao zitazame wananchi ndani ya siku thelathini, kwa mujibu wa ripoti ya Taasisi ya Sera za Umma. *Kwa mujibu wa ripoti ya Taasisi!* Rasimu alimsomea Makamu kwa simu, mara mbili. Makamu akasema "hongera" kama anayeng'olewa jino, na mpimaji wa vyumba akaambiwa arudi na kamba yake. Tulipiga vigelegele mpaka wanafunzi wakaja kuchungulia. Desimali alicheza na Dereva. Mimi nilicheza na kila mtu.

Katikati ya kelele Dereva akanigusa bega. "Dada, kuna mtu hapo nje. Nimemwambia apite, amesema atasubiri umalize."

Ukumbini, kwenye benchi, kati ya ndoo mbili zilizokauka, alikuwa amekaa Mama. Gauni la kutokea, mkoba magotini.

"Mama! Umengoja muda gani?"

"Si muda. Saa moja hivi. Nilisikia mnafurahi."

Akafungua mkoba, akatoa fomu iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kukatika. Cheti cha kifo. Jina la Baba. Nakala ilikuwapo, picha mbili, barua ya mtaa. Chini kabisa palikuwa na mstari mtupu: *Sahihi ya mtoto wa marehemu.*

Kile cha nne kwenye orodha. Nilikiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikakimbia nacho kwenye mvua kuwaonyesha watu.

"Umejua tangu lini kwamba hiki ndicho kinachokosekana?"

"Tangu mwezi wa tatu. Nilianza kukwambia Jumapili ile, ukakimbia." Hakusema kwa lawama. Alininyooshea kalamu. "Ulikuwa unashughulika na foleni za watu, mwanangu."

Nilikaa kando yake kwenye benchi. Dereva alikuwa amesimama mlangoni, nikamwomba akae pia, upande wa pili. Nikaisoma fomu yote kwa sauti, tangu neno la kwanza: jina la Baba, mwaka wake wa kuzaliwa, kazi yake, siku yake. Dereva alifumba macho. Mama naye akafumba.

Nilipomaliza nikatia sahihi. Safari hii niliandika jina langu zima.